Mtajwa Hapo Juu Amepumzishwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikiwa na hakika kwamba wizara fulani inanisubiri. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zikifunguliwa na serikali ikipunguza watu badala ya kuwaongeza, na nafasi pekee niliyopewa ilikuwa katika masijala ya hospitali mjini Dodoma. Masijala, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni chumba kinachopokea, kusajili na kutunza barua zote za ofisi. Chetu kilikuwa na dirisha moja, majalada mpaka karibu na dari, na vumbi jekundu ambalo halikuwahi kusajiliwa ila lilikuwamo katika kila jalada.

Katibu wa Hospitali, mzee mfupi ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, aliitazama tai kabla ya kunitazama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaoa leo?"

"Hapana, mzee. Nimeripoti kazini."

"Basi vua hicho kitambaa, kitanaswa kwenye mashine ya chapa. Kaa pale. Yule mfanyabiashara ametuletea mashuka mafupi, miguu ya wagonjwa iko nje. Mwandikie aje ayachukue."

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilianza na nafasi ya hospitali katika jamii. Katibu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Kijana, mashuka yako wapi humu?"

"Aya ya nne, mzee."

"Kufika aya ya nne mgonjwa keshapona karudi kwao."

Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza kwa kweli. Juu kulia, anwani. Kushoto, Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, inayoonyesha barua imetoka jalada gani, ili atakayejibu aitaje na jibu lisipotee. Katikati, YAH, kifupi cha yahusu, na mbele yake kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Baada ya hapo mwandishi wa serikali haandiki tena jina la mtu; anaandika "mtajwa hapo juu", kana kwamba jina likitajwa mara mbili litachakaa. Kila aya jambo moja. Chini, saini ya Mganga Mfawidhi, yule daktari mkuu wa hospitali, au ya Katibu akitanguliza k.n.y., kwa niaba ya. Bi. Mwanaidi, mhazili wetu kutoka Kondoa, alichapa kila barua kwa karatasi tatu zilizopishana na kaboni, hivyo kosa moja lilifutwa mara tatu, na kila alipofuta alinitazama mimi, hata kama kosa lilikuwa lake.

"Msomi, 'ambacho' hiki kilikuwa na ulazima gani?" aliwahi kuniuliza. "Umenipotezea kucha."

Tatizo jingine la miaka ile lilikuwa namna ya kumwita mtu. Mwanzoni kila mpokeaji alikuwa Ndugu, awe waziri au mpishi. Kisha upepo ukageuka, mabwana wakarudi, na mjini kwetu, penye wabunge, waheshimiwa wakaongezeka kila kikao. Tulikaa asubuhi nzima tukibishana kama mwenye duka la mashuka mafupi ni Ndugu au Bwana. Katibu aliamua: "Akileta marefu, Bwana."

Siku moja Mganga Mfawidhi alirudi kutoka kikaoni akiwa na agizo. Barua zote zinazotoka hospitali ziwe kwa Kiswahili sanifu, basi. Alishika nakala ya barua yetu ya jana yake.

"Hii 'idii' ni nini?"

"Ni siku za mapumziko anazopewa mgonjwa, Daktari," alijibu Katibu. "Ni kifupi cha Kiingereza, lakini watu wote wanaita hivyo."

"Mkulima wa Kibakwe anajua idii? Tafuteni neno la watu."

Katibu alilitafuta na kulipata siku hiyohiyo. Kuanzia hapo mgonjwa aliyeambiwa akae nyumbani bila kufanya kazi aliandikwa kuwa amepumzishwa. Lilikuwa neno safi la Kiswahili, na hakuna aliyelipinga, nikiwamo mimi mwenye shahada.

Sasa nije kwa Mwalimu Yona Ndahani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibakwe, kule kwenye vilima vya wilaya ya Mpwapwa, na alikuja kwetu kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Kilipopona kidogo kidonda aliruhusiwa, lakini daktari hakutaka arudi mbali mapema, kwa hiyo akaenda kukaa kwa dada yake Makutupora, ambako dada huyo alifanya kazi katika mashamba ya zabibu. Ikabaki kumwarifu mwajiri wake, Afisa Elimu wa Wilaya. Katibu alitamka barua huku akitembea, Bi. Mwanaidi akachapa:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa hapo juu alilazwa katika hospitali hii na kufanyiwa upasuaji. Tunasikitika kukuarifu kwamba amepumzishwa. Unaombwa kuijulisha familia yake na kutafuta mwalimu mwingine wa kushika vipindi vyake."

"Tunasikitika" lilikuwa neno la adabu tu. Katibu aliona si vizuri kumnyang'anya mtu mwalimu bila kumpa pole. Cheti chenye idadi ya wiki alikuwa nacho Mwalimu mwenyewe mfukoni. Niliisoma barua ile nikaipenda. Ilikuwa fupi, haina mafuta, kila sentensi ina kazi yake. Niliisajili, nikaipeleka kwenye basi la Mpwapwa.

Wiki iliyofuata lori lilisimama mbele ya masijala. Walishuka wanaume na wanawake wa Kibakwe, kimya, wanawake wamejifunga kaniki za msiba. Ndani ya lori mlikuwa na jeneza jipya. Walikuwa wamelinunua Kizota, hapo mjini, na lilinukia vanishi. Mtu mrefu aliyeshika fimbo aliingia ofisini, nyuma yake mama mmoja aliyekaza macho kwenye sakafu.

"Mimi ni kaka yake Mwalimu Ndahani," alisema. "Huyu ni Mama Eliza, mke wake. Tumekuja kumchukua Yona."

"Aa, poleni na safari," nilisema kwa furaha. "Lakini mmechelewa, alishaondoka."

"Tunajua ameondoka," alisema taratibu, kama anayeongea na mtoto. "Tunauliza mmemweka wapi."

"Hatujamweka popote. Yuko kwa dada yake, Makutupora."

Mama Eliza aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Wifi amemzika bila sisi?"

Yule kaka akatoa barua yetu mfukoni, akaikunjua mezani. Nikaisoma mara ya pili, safari hii kwa macho yao. Alilazwa. Tunasikitika. Amepumzishwa. Ijulishwe familia. Jasho lilinitoka mpaka mahali ambapo tai ingekuwapo.

"Mama," nilisema, "neno hili hapa maana yake ni kwamba alipewa siku za kukaa nyumbani. Mume wako alitoka hapa kwa miguu yake mwenyewe."

"Wewe ulimwona leo?" aliuliza kaka.

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Basi unajuaje?"

Sikujua. Nilichojua ni kwamba rejista ya wodi ilisema ameruhusiwa, na kwamba mtu mwenye kidonda kibichi, akiwa mbali na hospitali, wiki nzima, anaweza kupatwa na lolote. Ingekuwaje nimwambie mama yule mumewe ni mzima, kisha tumkute si mzima? Angefiwa mara mbili, na mara ya pili ingetoka mdomoni mwangu. Katibu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alinivuta pembeni.

"Usiwaahidi kitu," alininong'oneza. "Neno moja tu limetufikisha hapa. Nenda nao."

Nikapanda lori. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya jeneza, kwa hiyo nililishikilia lisiteleze. Wanawake walikuwa wameimba njia nzima kutoka Kibakwe, nikaambiwa baadaye. Kuelekea Makutupora hawakuimba. Kila mara mmoja alifungua mdomo, akawatazama wenzake, akaufunga. Hakuna aliyejua wimbo upi unafaa. Mama Eliza alikaa mbele karibu na dereva, na kupitia kidirisha niliona kisogo chake hakigeuki.

Nyumbani kwa dada hapakuwa na mtu. Jirani alisema wote wako shambani, na alipoona mzigo wetu akakimbilia ndani kutafuta khanga ya kujitanda. Hakutuambia "wote" ni akina nani. Tukaliacha lori njiani, tukaingia kati ya mistari ya mizabibu, mimi mbele.

Mwisho wa mstari mmoja, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu alikuwa amekaa akila zabibu.

Alituona. Aliona kaka yake, aliona kaniki, akatazama nyuma yetu na kuliona lori na kilichokuwa juu yake. Akasimama, mkono mmoja umeshika kidonda, zabibu zikadondoka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kaka yake aliegemea fimbo, akamtazama kuanzia miguuni.

"Kaka, ni mama? Niambieni, ni mama?"

Mama Eliza akapita mbele yangu.

"Ni wewe, Yona," alisema. "Ni wewe! Tumelia siku zote hizi, watoto wamenyolewa nywele, na wewe unakula zabibu!"

Kisha akakaa chini, palepale kwenye udongo, akacheka mpaka akalia, na Mwalimu akawa anajaribu kuinama amshike na hawezi kwa sababu ya nyuzi. Wanawake walipata wimbo wao. Mimi nilishika nguzo ya mzabibu, nikashukuru kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama.

Mambo hayakuishia hapo, kwani Afisa Elimu alikuwa mtu wa haraka. Miaka ile ofisi zote zilitafuta majina ya kupunguza, na jina la marehemu lilikuwa zawadi. Mwalimu Ndahani alikuwa ameshafutwa. Ili arudishwe, wilaya ilitaka uthibitisho kutoka hospitali ileile iliyomfisha, kwa maandishi.

"Andika wewe, msomi," alisema Katibu. "Na nisione humo neno lenye kazi mbili."

Mganga Mfawidhi naye alikataa kusaini uhai wa mtu asiyemwona. Mwalimu akaletwa, akavua shati. Daktari akaweka kipimo kifuani.

"Vuta pumzi. Toa. Vuta tena." Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Huyu yupo. Leteni barua."

Nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi. YAH: UHAI WA MWL. YONA NDAHANI. "Mwalimu Yona Ndahani yu hai. Anauguza kidonda na atarudi kazini cheti chake kitakapokwisha. Barua yetu ya awali haikuwa na maana kwamba amefariki." Bi. Mwanaidi aliichapa bila kufuta hata herufi moja. Nililitaja jina lake kamili ndani ya barua, kinyume cha taratibu, na Katibu hakulikata.

Jibu lilichukua muda, na kila basi la Mpwapwa lilipoingia nilikuwa stendi. Lilipokuja lilikuwa na sentensi moja: Afisa Elimu alikubali kwamba mtajwa hapo juu ni hai, na akamtaka aripoti kazini. Mama Eliza, aliyekuwa amebaki mjini kumwuguza mumewe, aliomba asomewe mara mbili.

"Yaani wameona ni mzima, na hapohapo wanataka kazi," alisema. "Basi kweli wamekubali."

Jeneza familia haikutaka kurudi nalo nyumbani likiwa tupu. Lilibaki kwetu, na baadaye alizikwa nalo mzee mmoja aliyefia wodini bila ndugu, ambaye vinginevyo angeondoka na shuka. Lile fupi.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nywele zikaanza kunikimbia. Nilihamishiwa Mpwapwa, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya aliyesahihisha barua kwa wino mwekundu na kutupa alama. Nikarudi Dodoma, ofisi ya mkoa, chini ya Katibu Tawala mmoja ambaye hakusoma chochote kilichozidi nusu ukurasa. Mashine za chapa ziliondoka, kompyuta zikaja, na vijana siku hizi hunakili barua ya mwaka jana na kubadilisha jina. Nimestaafu kwa hiari, na nakiri ninalala vizuri zaidi. Mwandishi wa barua za hospitali anatuma maneno kwa watu ambao tayari wana hofu, na ni nadra sana aone yalivyopokelewa. Nilijaliwa kuona mara moja, nikiwa bado kijana, na aliyetakiwa kufa hakufa. Sijui kama ningeendelea na kalamu endapo mambo yangekwenda vingine.

Nilipokuwa Mpwapwa nilipata safari ya zahanati Kibakwe, nikapitia shuleni. Mwalimu Ndahani alikuwa darasani, chaki mkononi, mnene kuliko nilivyomwacha. Watoto wakasimama wote kunipa shikamoo.

"Huyu," aliwaambia, "ndiye aliyeiandikia serikali kwamba mimi ni mzima."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kama asingeandika?"

"Basi leo msingekuwa na jaribio la hesabu."

Darasa zima likageuka, likanitazama kwa lawama.