Siku Chachu

Mama yangu aliuawa na neno moja, na waliolishika vibaya nawajua. Majina siandiki, lakini wakisoma watajijua.

Walikuja kisiwani kwetu Chula wanafunzi wa sekondari kutoka shule ya kulipia ya Kismayo, wale wanaotaka kuwa madaktari. Shule yao imeweka sharti kwamba kabla hawajamaliza waende visiwani kuhudumia watu, waionje kazi. Wengi ni watoto wa familia zilizorudi kutoka Nairobi. Walishuka na makoti meupe, mikunjo ya dukani bado imo. Jirani yangu akaninong'oneza, "Hawa wamekuja kutibu au kuosha maiti?" Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Mama alikuwa anatapika, hata maji hayakai tumboni. Nilitaka kuingia naye kwenye turubai walilofunga karibu na msikiti. Shule sina zaidi ya madrasa, lakini vita vilinifukuza nikiwa msichana, nikala miaka kambini na Mombasa, na Kiswahili chao nikakiokota huko. Mzee wa kamati ya kijiji akanizuia mlangoni.

"Wewe nenda jikoni. Wageni watakula nini?"

"Na mama nani atamsemea?"

"Ana ulimi wake. Hawa wanajua Kiswahili, si Wazungu."

"Kiswahili chao si chetu, mzee."

"Ndiyo haya haya ya kutuaibisha. Nenda kakune nazi."

Nikaenda kukuna nazi. Huyo ndiye wa kwanza.

Ya ndani nilielezwa na jirani, alikuwa kwenye foleni nyuma ya mama. Binti mmoja mwenye sauti ya upole alimwuliza, "Bibi, unaumwa nini?"

"Natapika."

"Tangu lini?"

Mama akajibu tunavyojibu sote. "Siku chachu, mwanangu."

Kwetu mtu ni mchu, na tatu ni chachu. Binti hakusikia siku tatu, alisikia uchachu. "Tumbo ni chachu, eeh? Bibi, wewe unapenda pilipili sana." Foleni ikacheka. Mama ni mtu wa adabu kwa wageni, akasema ndiyo, kidogo.

Binti simlaumu sana, ni mtoto amevalishwa koti. Na alifanya la maana, alimwita daktari aliyewaleta, daktari wa kweli, aje amtazame. Huyo alikuwa nje anawapanga wanafunzi wengine wapigwe picha. "Kiungulia hicho," alisema bila kugeuka. "Mpe vidonge vya kutafuna." Hakumgusa mama hata mkono. Huyo ndiye wa pili.

Nilipotoka jikoni nilimkuta mama amelala mkekani, macho yameingia ndani, vidonge amevifumbata mkononi. Nikakimbilia pwani. Wageni walikuwa wanapanda boti ya mashine kurudi Kismayo.

"Mchukueni mama yangu, nafasi ipo."

"Daktari ameshamwona," mzee wa kamati akadakia. "Usituletee vituko."

Yule binti alikuwa ameshakaa. Akaniuliza, "Kwani bibi anatapika tangu lini?"

"Leo siku ya tatu. Hajanywa kitu kikakaa."

Akajishika mdomo. "Tatu? Mimi aliniambia chachu." Akamgeukia daktari. "Daktari, tumchukue. Tafadhali."

Daktari aliyatazama maji. "Bahari inakupwa, tukingoja tutakwama. Asipopata nafuu, mleteni kesho." Akampa ishara nahodha, mashine ikawaka. Binti alikuwa bado anamsemesha daktari boti ilipoondoka.

Asubuhi mvuvi mmoja alikubali kutupeleka. Mama alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, Kismayo hatujaiona. Nikamwambia mvuvi ageuze.

Matangani mzee wa kamati alikuja na kanzu safi, akakaa, akasema ni kudura.

"Kudura ni ya Mungu," nikamwambia. "Kunitoa mlangoni na kunirudisha jikoni ni kwako. Boti iliyokwenda na nafasi ni yako na ya yule daktari wako."

Akaniomba nishushe sauti, watu wanasikia. Sikushusha.