Magurudumu Mapya ya Kumbebea Mama Mkwe

Mkiniona napita Kwedizinga nimeshusha kofia hadi puani msidhani jua linaniumiza, naficha sura, kwa sababu pale sokoni bado wapo watu wanaonikumbuka, na wakinikumbuka wanacheka, na wakicheka wanawaita watoto wao waje wanione. Aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, nikaikaza kwa spana, nikaipaka na rangi juu.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja mwenye duka pale Korogwe, na mke wangu Mwajuma alikuwa amerudi kwao Kang'ata. Sikumwacha, wala hakudai talaka, alirudi tu, kwa kuwa (maneno yake haya) amechoka kukaa chumba kimoja kinachonuka grisi na mume anayeongea na injini kuliko anavyoongea na mkewe. Nikatuma wazee wakaniombee. Wakarudi na jibu: mama yake Mwajuma atakuja mwenyewe Korogwe kuangalia mwanawe anakaa wapi, akiridhika Mwajuma atabaki nami, asiporidhika niende Kang'ata nikachukue mahari yangu tusahauliane. Nilimpenda Mwajuma jamani. Nikasema huyo mama atakuja, na atakuja kwa heshima ambayo Kang'ata haijapata kuiona.

Sasa tazameni akili yangu. Tajiri alikubali kunipa Landrova, mradi nirudi na magunia yake ya mahindi. Lakini Landrova mbele mnakaa bega kwa bega, na sisi Wazigua mkwe hukai naye hivyo. Ukikutana naye njiani unaingia majanini kumpisha, usoni humtazami, mbele yake huli, na kumgusa ndiyo usiulize kabisa. Kumpakia nyuma juu ya mahindi nako ni matusi. Basi lilikuwepo, linapita kila siku, na mtu mwenye akili timamu angemkatia mama wa watu tiketi mambo yakaisha. Lakini mimi ni fundi, bwana. Mimi nilikuwa na karavani.

Karavani ni tela lenye nyumba juu yake. Aliniachia Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa akilala humo porini, na aliniachia kwa ukarimu mkubwa baada ya kila mtu mwingine kuikataa. Ndani kulikuwa na kitanda, pazia la maua, na meza ya kukunja. Mkwe atakaa chumba chake, mimi nitakaa kwenye usukani wangu, hakuna wa kumwona mwenzake, mila imetimia na safari imekwenda. Nilijisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Tatizo lilikuwa magurudumu yake, madogo kama ya kigari cha mtoto, na barabara ile ilikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya malori. Yule Mzungu alikuwa amenifundisha kwamba magurudumu ya karavani yafanane na ya gari linaloivuta, ukubwa mmoja, matundu sawa, ili yapite kwenye mifereji ileile na spea moja itumike kotekote. Somo zuri. Nikachomoa magurudumu mawili kwenye Landrova iliyokufa nyuma ya gereji, nikayajaribisha, matundu matano kwa bolti tano, yameingia. Yameingia vizuri mno, kwa sababu bolti za karavani zilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho na matundu yalikuwa ya kidole gumba.

Nilijua dawa yake, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Dawa ni kubadili habu nzima, kile kitovu cha ndani kinachoshika bolti, uweke yenye bolti nene, na habu ilikuwa ije na treni kutoka Tanga juma linalofuata. Lakini mkwe ameshasema anakuja juma hili, na mimi nimwambie nini, angoje habu? Nikachukua debe la mafuta ya taa, nikakata vipande vya bati, nikatoboa katikati, nikavifanya wosha za kujazia yale matundu mapana. Nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, nikapaka magurudumu yote rangi ya kijani, nikasimama kando kutazama. Yalifanana na ya Landrova kama mapacha, na moyo wangu ukatulia kabisa (moyo wangu nao ni mjinga).

Kang'ata kijiji kizima kilitoka. Mwajuma alishika lile pazia la maua, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwangu nikamwona anatabasamu. Nikageukia ghala la mahindi na kulitazama kwa adabu wakati mama yake anapanda na mkeka wake, majogoo wawili kapuni na kibuyu cha asali. Mwajuma akakaa mbele nami. Toka pale hadi Handeni nilimhubiria habari za magurudumu kufanana, na Handeni tuliposimama kunywa chai nikawahubiria na wenye mgahawa, nikawaonyesha spea, nikawaambia spea hii moja, ndugu zangu, inamtumikia bwana na mtumwa wake. Walisikiliza kwa upole. Mama mkwe alipelekewa chai yake dirishani.

Kwedizinga ilikuwa siku ya gulio. Dereva mwenye busara hapo angepunguza mwendo na kupita kimya. Mimi nilipiga honi, ili wasije wakanikosa.

Basi nikaona gurudumu linanipita kushoto, peke yake, linakwenda zake bila haraka, likapita katikati ya mafungu ya nyanya na wanawake wakaruka huku na huku. Nikacheka. Nikamwambia Mwajuma, "Tazama, kuna mpumbavu kaangusha gurudumu."

Mwajuma akalitazama vizuri. "Athumani," akasema, "mbona la kijani?"

Hapo ndipo chuma kikalia nyuma, Landrova ikavutwa mkia, na nilipofanikiwa kusimama karavani ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa mtaro. Na mlango wa karavani, kwa hekima ya aliyeiunda, uko kushoto. Ulikuwa umebanwa na udongo. Ndani jogoo mmoja akawika.

Nilikimbia hadi karibu, nikakumbuka kwamba kwenye lile dirisha naweza kukutana uso kwa uso na mkwe, nikageuka ghafla nikabaki nimewapa mgongo wote, natazama shamba la mihogo. Soko lote lilikuwa limeshafika. Mzee mmoja akaniuliza dereva gani huyu, watu wako ndani ya gari yeye anaangalia mihogo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Aliyemo ndani ni mkwe."

"Marahaba," akasema. "Basi endelea kuangalia."

Na wanaume wenzangu, Mungu awabariki, wakanielewa mara moja, wakasogea kando wote kumwachia mkwe wa mwenzao heshima yake, kwa hiyo kazi ikabaki kwa wanawake. Mmoja wao alipita kuniuliza kwa nini nisifunge spea. Spea ilikuwepo, na ilifanana kabisa. Ila bolti zote tano zilikuwa zimekatika, sasa nafunga wapi? Wanawake wakasogeza mawe, wakapanda, wakaanza kumtoa mama kwa dirisha la kulia ambalo sasa lilikuwa juu. Alikuwa mama mwenye mwili, dirisha lilikuwa la Mzungu mwembamba. Nilisikia yote kwa mgongo. Nilisikia miguu imetoka, nilisikia kiuno kimegoma, nilisikia kiuno kimekubali, kisha nikasikia mawe yanateleza na wanawake wanaruka chini.

"Athumani, geuka!" Mwajuma alipiga kelele.

Nikageuka. Karavani ilikuwa inateleza kuingia mtaroni na mama mkwe ananing'inia dirishani, kibuyu mkononi. Sikuwaza mila wala mihogo. Nilijitupa chini yake, mguu wake mmoja ukatua begani kwangu na wa pili juu ya kichwa, na nikatembea naye hivyo, asali ikinishuka usoni, mpaka penye nyasi. Mkwe wangu, shingoni kwangu, mbele ya gulio zima. Bibi kizee mmoja akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na baada yake soko zima.

Wanawake wakamzungushia khanga, mimi nikarudi kwenye mihogo yangu, safari hii na nzi. Nilitamani ardhi ipasuke, na wakati huohuo nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mama wa watu yu mzima. Ndipo nikasikia sauti yake, hasemi nami, anasema na mwanawe kama mila inavyotaka, ila kwa sauti ya kusikika hadi Handeni.

"Muulize mwenzio, magurudumu yale aliyafananisha na nini?"

"Na gari, mama," Mwajuma akajibu.

"Haya. Na mimi niliyekuwa ndani, alinifananisha na nini?"

Jibu lilikuwa vipande vya debe. Basi lilipopita kuelekea Handeni akapanda na mkeka wake, na Mwajuma akapanda nyuma yake bila kunitazama, na majogoo walikuwa wawili, wakaondoka na mmoja.

Karavani niliiacha palepale, na muuza nyanya (yule aliyepitiwa na gurudumu) akaifanya banda la kuku. Kang'ata nikapeleka mbuzi na doti ya khanga kwa kosa la kumgusa mkwe. Mbuzi alipokewa, na habari ikaja kwamba mama atakuja baada ya mavuno, kwa basi.

Alikuja. Nilisimama stendi ya Korogwe nimeelekea ukuta, nikasikia hatua zake na za Mwajuma zikinipita. Akakaa siku zake chumbani na Mwajuma, mimi nikalala gereji, ndani ya ile Landrova iliyokufa, isiyo na magurudumu. Naapa mbele yenu, mkwe wangu hatapanda tena kitu nilichokifunga mimi hata kiwe kitanda. Siku anaondoka nilielekea ukuta uleule, na basi lilipokwisha kutoka nikageuka polepole kuona nimebakiwa na nini. Mwajuma alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni.

"Mama anasema chumba ni kidogo na kinanuka grisi," akaniambia, "lakini angalau hakina magurudumu."