Mashine ya Vifungo ya Marehemu Mbarouk

Wifi yangu Ghalia ni mbishi. Nasema kwa mapenzi, maana ubishi wake ndio ulioiokoa mashine ya kaka yangu.

Kaka yangu Mbarouk, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani hapa Stratford, London. Vifungo vya kuvishwa kitambaa alivibana mwenyewe kwa mashine ndogo ya chuma: unatia kitambaa na kifungo, unavuta mpini, kichwa cha chuma kinashuka, kifungo kinatoka kimevaa. Alipofariki, mkewe Ghalia aliifunga mashine kwenye shuka akaiweka katika banda la bustani. Ikakaa huko miaka.

Sasa binti yao Siham anaolewa. Ghalia akaapa kuwa vifungo vya gauni la harusi vitatoka kwenye mashine ile ile, ili baba mtu naye asikosekane. Tukaitoa. Mpini haukusogea hata chembe.

"Mama, just order them online," akasema Siham, akitaka tuviagize mtandaoni. Kiswahili anakifahamu vizuri, ila kukisema ni mpaka awe na njaa.

Jirani yetu Elkana, Mkenya anayetengeneza mabasi, akaja na nyundo.

"Mama Siham, hii imeshika kutu. Wacha nigonge kidogo tu, itaachilia."

"Na ikipasuka je? Nitaipata wapi nyengine?" Ghalia akaikumbatia mashine, macho yamemjaa hofu. Akaibeba mpaka jikoni, akaiweka mezani karibu na hita, akakaa kuilinda.

Tulikuwa tunakunywa chai, Elkana naye, niliposikia harufu. "Wifi, unapika nini cha nazi?"

"Sipiki kitu."

Tukatazama. Chini ya kile kichwa cha chuma kulikuwa na uji wa manjano ukiyeyuka, unadondoka mezani taratibu.

Ghalia akajishika mdomo. Kwao Wete, kule Pemba, chuma kinachowekwa akiba hupakwa mafuta ya nazi, iwe panga au cherehani. Naye alipofiwa alifanya vivyo hivyo, akaijaza mashine mpaka ndani. Kwenye joto la Pemba mafuta yale yangebaki maji. Baridi ya London iliyagandisha, yakala vumbi, yakawa gundi.

"Wifi, umeifanya mashine achari!" nikamwambia, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Elkana hakucheka. Alikuwa anafuta chuma kwa kitambaa. "Lakini angalieni. Hakuna kutu hata kidogo. Bila haya mafuta, hilo banda lingeimaliza."

"Alhamdulillahi," akasema Ghalia, akalirudia neno hilo. Nami nikaacha kucheka, nikamshukuru Mungu kwa kumpa kaka yangu mke wa namna hii.

Elkana akaisafisha, akatia mafuta ya mashine, na mpini ukashuka. Ghalia akaanza kubana vifungo, lakini mkono ulimteleza kila mara. Akalalamika kuwa mpini umelika vibaya.

"Let me try, Mama." Siham akaushika kwa mkono wa kushoto, maana ana shoto kama baba yake. Dole gumba lake likaingia sawasawa katika kishimo kilicholiwa na dole la Mbarouk kwa miaka yote ile ya kazi. Hakuna aliyemwonyesha pa kushika.

Akavuta. Kifungo kikatoka cheupe, kimevaa.

Ghalia alilia waziwazi, wala hakujificha. Siham akataka kumpisha.

"Usiutoe mkono, mwanangu," Ghalia akamwambia. "Vilivyobaki vyote bana wewe."