Diski Shingoni mwa Halima

Ubao uliolowa jasho la shingo nyingi una harufu yake, na mimi ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Ni harufu ya kamba ya katani iliyoloa, mafuta ya nywele na matope ya mto. Shuleni kwetu ubao huo tuliuita diski, ingawa haukuwa wa duara. Ulikuwa kipande cha mtumbwi mkuukuu, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, umetobolewa tundu na kutiwa kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kipokomo, Kiorma, au hata Kiswahili nje ya kipindi chake, alivishwa diski shingoni, akakaa nayo mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza, amvishe. Aliyekutwa nayo Ijumaa kengele ya mwisho ikilia alichapwa, akasugua vyoo, na jina lake likaandikwa daftarini.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto Tana ulivunja kingo ukaenda unakotaka. Mahindi yalizama, migomba ikabaki imetoa vichwa tu, na barabara ya kwenda Garsen ikakatika pasipo mtu kujua itarudi lini. Kijiji chetu, upande wa chini wa mto, si mbali na Ngao, kikawa kisiwa, na shule ndiyo iliyokuwa mahali pa juu kabisa. Sote tulinaswa pale. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa bara, alinaswa akiwa na mashati mawili. Waorma waliokimbia mbuga pamoja na ng'ombe waliowabakia walijenga vibanda vyao nyuma ya madarasa. Ndivyo Halima alivyoingia darasa la tano na kuketi nami dawati moja. Yeye hakujua Kipokomo, mimi sikujua Kiorma. Tulichokuwa nacho ni Kiswahili, chake cha kuokoteza na changu cha kujidai, na hicho ndicho kilichokatazwa tangu asubuhi mpaka jioni.

Mwalimu tulimwita Spikapu, kwa jinsi alivyopenda kutuhimiza tupaze sauti, "Speak up!" Alitufundisha Kiingereza cha mazungumzo ya kila siku, wawili wawili mbele ya darasa. Tuliombana chumvi mezani kwa adabu, sisi tuliokula kwa mkono kutoka sinia moja. Tuliulizana njia ya kwenda stesheni ya reli. Tulijifunza uma, siagi na kisahani cha chai, na huku nyoka wa maji wakituingilia vyooni. Leo nacheka, lakini siku zile nilikariri yote kwa moyo mmoja, kwani Spikapu alituambia Kiingereza ndicho kitakachotutoa pale, nami nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya. Alifua shati moja huku amevaa jingine, akatufundisha hata siku ambazo walimu wengine hawakutokea. Ila mapumziko ya shule yake yalitisha. Watoto mia na zaidi walicheza uwanjani bila sauti, kila mmoja akimchungulia mwenzake midomo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukutwa na diski Ijumaa mbili. Ya tatu ilimaanisha kurudishwa darasa la nne. Baba alikwisha kusema, tena bila hasira, kwamba nikirudishwa sitarudi shule kabisa. Maji yakishuka mpunga utapandwa, mpunga unataka mtu wa kuamia ndege, na ada yangu itamfaa mdogo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliyaona maisha yangu yote yakiishia kwenye dungu, nikirusha mawe kwa kombeo. Basi nikaamua kunyamaza. Mwalimu akiniuliza nilijibu kile nilichokariri, na zaidi ya hapo sikufungua mdomo. Mazoea hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Mama alidhani koo linaniuma, akanichemshia majani na ndimu wiki nzima, nikanywa bila kumweleza.

Halima hakuumbiwa kunyamaza. Jumatano mbuzi aliingia ofisini akatafuna daftari la mahudhurio, Halima akacheka akasema jambo kwa Kiorma, na papo hapo diski ikawa yake. Alhamisi nzima hakuna aliyemsogelea. Mimi niliyeketi naye nilijibanza pembeni ya dawati, nikiona aibu, nikazidi kujibanza. Alikuwa rafiki yangu wa pekee, na nilimwogopa.

Ijumaa mchana zamu ya kumtekea Spikapu maji ikatuangukia sisi wawili. Zamani tuliteka mahali palipozungushiwa uzio wa miti mirefu iliyokitwa ndani ya mto kuwazuia mamba, lakini uzio huo ulikuwa umezama pamoja na kila kitu. Tukawa tunateka ukingoni mwa mafuriko, chini tu ya shule, ambapo siku mbili nyuma palikuwa njia ya watu. Njiani Halima alinijaribu kwa kila mbinu. Alinionyesha kiatu kilichokuwa kikielea, akanitekenya ubavuni, akanikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi kabisa. Niliuma midomo nikasonga mbele. Kengele ilikuwa imebakiza muda mfupi, na neno langu moja tu lingemwokoa yeye na kunizamisha mimi. Sote wawili tulilijua hilo.

Alitangulia kuingia, maji yakamfika magotini, akainama na ndoo huku uso ameugeuzia kwangu. Mimi nilisimama nyuma nikingoja zamu yangu. Ndipo nilipoona kipande cha gogo katikati ya yale maji ya rangi ya chai. Mafuriko yalikuwa yakileta magogo kutwa, ila hili lilikuja kinyume cha mkondo. Mtoto wa Tana hahitaji kuambiwa hilo ni nini. Nilijua, na mdomo wangu ukafunguka, na hakikutoka kitu. Nilikuwa natafuta Kiingereza chake. Jina la mnyama yule lilikuwa kwenye chati ukutani, nilikuwa nimelisoma mara mia, na lilikuwa limetoweka. Kilichonijia ulimini ni "Excuse me, please." Naapa ndicho kilichonijia. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Watu huniambia hayo hupita upesi kuliko mtu anavyokumbuka, lakini mimi nilikuwepo, na muda ulikuwepo, wa kutosha mtu kutoka majini.

Hatimaye nilipiga kelele, "Mamba! Halima, toka!" na kijiji kizima kikasikia. Alijirusha nyuma. Mamba aliikamata ndoo, na pamoja na kishikio cha ndoo akaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Halima. Nilimvuta kwa nywele na kwa gauni mpaka mahali pakavu. Spikapu alitujia mbio, akavua shati lake akamfunga, kisha akamshika mapajani mwake ndani ya mtumbwi njia yote mpaka hospitali, akiwa kifua wazi. Diski ilikuwa bado shingoni mwa Halima.

Alirudi darasani baada ya wiki mbili, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ijumaa hiyo kiranja wa darasa letu, msichana mwenye bidii kupita kiasi, alisimama akaeleza kwamba ile diski haikuwa ya Halima. Roda, yaani mimi, alisema Kiswahili kabla ya kengele, na kila mtu alimsikia. Hakusema uongo. Hiyo ingekuwa Ijumaa yangu ya tatu. Kwa kanuni, mwenye diski ndiye shahidi, kwa hiyo Spikapu alimgeukia Halima, na nadhani hata yeye alitamani asingemgeukia. Halima akainuka. Tangu aje shuleni kwetu hatukuwahi kumsikia akiunga maneno mawili ya Kiingereza.

"She said crocodile, sir," akasema. "She said, crocodile, run."

Sauti yangu ilikuwa imesikika mpaka ng'ambo. Spikapu alimtazama Halima, akanitazama mimi, kisha akachukua chaki akayaandika maneno yale ubaoni kwa herufi kubwa na kutuamuru tuyarudie. Tuliyarudia darasa zima mpaka kengele ikalia. Jina langu halikuandikwa daftarini. Jumatatu diski ilirudi, imeoshwa na kutiwa kamba mpya.

Leo nafanya kazi katika ofisi moja Mombasa ambako kutwa nzima ni Kiingereza, na watu hunisifu jinsi ninavyokisema. Spikapu alisema kweli, kilinitoa. Binti yangu anakisema bila diski wala kiboko, hana lugha nyingine ya kuchezea, na Kipokomo changu anakiona kichekesho cha bibi zake. Lakini alipokuwa mdogo, akiikimbilia sufuria ya moto, mdomo wangu ulifunguka kwanza ukangoja. Kila mara ulingoja. Sijawahi kumweleza mtu sababu.

Mwaka jana nilimpeleka akaone nilikotoka. Halima anauza maziwa sokoni Garsen. Aliacha shule darasa la saba, ana watoto sita, na husikika akibishana kabla hajaonekana. Tuliketi kwenye benchi lake, naye akatumiminia maziwa kwa mkono ule wa vidole vitatu bila kumwaga hata tone. Nikamwambia. Baada ya zaidi ya miaka ishirini nilimweleza kuhusu gogo, kuhusu mdomo wangu, kuhusu kile Kiingereza nilichokuwa nikikitafuta yeye akiwa majini. Nililia mbele ya wateja wake. Alinisikiliza mpaka mwisho akipangusa vikombe.

"Roda, hiyo mimi najua tangu siku ile," akasema. "Nilikuona. Mdomo yako ilikuwa wazi, sauti hakuna."

Nikamuuliza mbona basi alinitetea.

"Sasa ningekushtaki nini? Mimi nilikuwa nangoja uongee, nikuvishe ile kitu. Macho yangu ilikuwa kwa mdomo yako, haikuwa kwa maji."

Alicheka kidogo, akaweka kikombe chini. Binti yangu, ambaye hakuwa ameelewa jambo ila kwamba mama yake analia, alinivuta mkono akaniuliza kwa Kiingereza huyu mama amesema nini. Nikafungua mdomo. Halima alikuwa akiutazama, akingoja.