Koti Moja, Kiti Kimoja

Fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo na jumba zima la michezo ya kuigiza alikuwa amevisha wafalme, majambazi na wajane kwa miaka ishirini na miwili. Ndipo akaja mwongozaji mpya, mtu wa maneno machache, akatangaza kwamba riwaya nene ya zamani, yenye nyumba tatu na watu arobaini, itachezwa na waigizaji sita, kiti kimoja na koti moja. Atakayelivaa koti ndiye baba mwenye nyumba. Basi.

"Koti moja!" Mama Pindo alimlalamikia seremala wa jumba hilo, mdogo wa marehemu mumewe. "Huyu ananitafutia sababu. Koti moja nalo linataka fundi wa mshahara?"

"Shemeji, wewe na wasiwasi wako! Mbona mimi nimeambiwa kiti kimoja na usingizi napata?"

"Wewe hata nyumba ikiungua utalala."

Hakutulia. Mwongozaji akimsifu, aliona anaagwa. Akinyamaza, aliona hukumu imeshapita. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na nguo ndiyo kazi yake! Asubuhi moja alipopeleka koti lijaribiwe, aliona karatasi mezani, maandishi yamemgeukia juu chini: *Mshonaji apunguzwe.*

Siku mbili hakulala. Ya tatu akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Kama napunguzwa, niambie mwenyewe. Nisisome kwenye karatasi."

Mwongozaji alimkodolea macho, kisha akacheka, akaitoa ile karatasi na kuweka kidole. "Soma, mama. *Apunguze.* Mshonaji apunguze mikono ya koti. Inawafunika waigizaji vidole."

Kweli, *w* haikuwapo. Kupunguza nguo, kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu, ndiko kulikomnyima usingizi! Aliona aibu, na furaha ikamjaa mpaka akatamani kumkumbatia mtu ambaye mwezi mzima hakumpa salamu iliyokamilika. Lakini sasa macho yake yalikuwa yakisoma herufi moja moja, nayo yakashuka hadi mstari wa pili kabla mwongozaji hajauziba kwa kiganja.

*Seremala apunguzwe.*

"Hilo bado," mwongozaji alisema taratibu. "Naomba liishie humu."

Nje, shemeji yake alikuwa akikipiga kiti msasa, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Enhe, shemeji? Mimi na wasiwasi wako, nani alikuwa anasema kweli?"

"Wewe," alisema Mama Pindo, akainamia koti na kuanza kufumua mkono.