Rozalia, Anayemgeuza Feliksi

Ilikuwa mwaka 2019. Hapana, nimekosea, 2019 ziwa lilikuwa bado mahali pake. Ilikuwa 2020, mwaka ule maji yalipopanda yakameza ufukwe wa Kibirizi, na Rozalia akakosa pa kuanikia dagaa wake. Naukumbuka kwa hayo maji, maana miaka yenyewe siku hizi inanichanganya.

Mimi ni fundi wa vitanda vya kamba, mtu wa Ujiji. Natembea na kamba zangu begani, na penye kitanda kilicholegea nakaza, nakula walichopika, naendelea. Kwa Rozalia kule Gungu niliitwa kwa sababu kitanda cha mdogo wake, Feliksi, kilikuwa kimebonyea katikati kama mtumbwi. Kitanda cha mtu anayeamka asubuhi hakibonyei hivyo.

Feliksi alikuwa mkwezi wa michikichi. Alikuwa akipanda juu kwa kamba kiunoni, anakata mikungu, anaangusha, watu wanakamua mawese. Siku moja kamba ikakatika. Hakufa, ila kuanzia shingoni kwenda chini mwili ukakataa kumsikia. Mikono ikalala, miguu ikalala. Kilichobaki ni kichwa na maneno, na maneno alikuwa nayo mengi tangu utoto.

Dada yake ndiye aliyemchukua. Mume wa Rozalia alishakwenda Mpanda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, kwa kuwa hakurudi. Basi Rozalia anamlisha mdogo wake, anamwogesha, anamgeuza ubavu huu na ubavu huu ili ngozi isioze. Akienda kutafuta dagaa anafunga mlango kwa nje, kwa hofu ya wezi na mbuzi wa majirani. Kabla ya maji kupanda alikuwa anawahi kurudi. Baadaye ikabidi aende mbali kuanika, na huko nako roho haitulii, anawaza yule amelalia upande gani. Aliniambia akiwa sokoni anajiona amefungiwa ndani, na akiwa ndani anajiona amefungiwa ndani.

Sasa Feliksi akaanza kumwomba amsaidie kufa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Kila jioni akishalishwa analileta lile neno lake, na Rozalia anajifanya anaosha sahani.

Akaja binamu yao, Gasper, anayekaa Dar es Salaam. Kijana mwema, alileta sukari na mashuka. Lakini akakaa pale kitandani akaeleza kwamba kuna nchi huko nje sheria inaruhusu, mgonjwa anaomba, daktari anamsaidia anakwenda bila maumivu, na kwamba wenzetu wamestaarabika. Gasper akaondoka na basi. Maneno yake yakabaki mle ndani.

Mimi nilikuwepo siku Feliksi alipoyatumia. Nilikuwa chini ya kitanda navuta kamba, yeye tumemlaza kwenye mkeka karibu na mlango.

"Dada, mimi ndiyo kufuli lako," akasema. "Huko kwa wenzetu ungekuwa umeshafunguliwa."

Rozalia alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Huko mtu akisema amechoka wanasikia anataka kufa," akasema. "Mimi ukisema umechoka nasikia unataka kugeuzwa."

"Nimekwambia nataka kufa. Hayo nimesema kwa Kiswahili."

"Mimi sikukuumba, Feliksi. Nitakuondoaje? Halafu nikirudi jioni mlangoni atanisalimia nani, Gasper?"

Feliksi akacheka, ndiyo, alicheka, kisha akageuza shingo upande wa ukuta. Kile kicheko kilinikaa moyoni. Rozalia alipotoka kwenda kuchota maji nikamuuliza Feliksi taratibu ni nini hasa kinachomsukuma, maumivu au nini. Akaniambia kwamba tangu aanguke hakuna mtu aliyempigia makofi.

Mimi nimekaa na Waha, watu wa kina Feliksi, maisha yangu yote, nikaelewa. Wao salamu ya mtu mzima ni kuinama kidogo na kupiga makofi, pole pole, huku ukisema mwakeye, mwakeye, na mwenzako anakurudishia vilevile. Kumpita mtu mzima bila makofi ni kama kupita kisiki. Na ni kweli, majirani walikuwa wakiingia pale wanasema habari yako, haraka haraka kama kwa mtoto, wanamgeukia Rozalia. Feliksi akahesabu kwamba ameshatolewa kwenye watu. Akaona kinachobaki ni kumalizia tu.

Nilimwambia Rozalia uani. Akatua ndoo. Akasema majirani walikubaliana wenyewe waache, hata yeye aliwashukuru, kwa kuwa Feliksi hawezi kurudisha makofi na wakaona kumpigia ni kumsimanga. Huruma yao ndiyo iliyokuwa inamzika.

Bibi Yunisi wa nyumba ya pili ndiye aliyeanza upya. Aliinama pale mlangoni na uzee wake, akapiga makofi mpaka Feliksi akaitikia kwa sauti, na kidevu kikaenda juu chini. Wengine wakafuata. Wengine walikuja kumpigia tu, hawana jingine.

Nisiseme kwamba hapo mambo yakaisha. Lile ombi lilipungua, halikuondoka. Vidonda vikimzidi linarudi. Na mlango bado unafungwa kwa nje, na Rozalia bado anakwenda mbali na kurudi akikimbia.

Mwaka juzi viongozi wa dini zote walitualika kwenye ukumbi wa shule, akaja mwanasheria kutufundisha. Mwanamke mtulivu, alisema vizuri. Alieleza kwamba sheria yetu inamlinda aliye tumboni, na inamlinda mgonjwa, na anayemsaidia mtu kujiua anakwenda jela, hata akiwa ndugu, hata akiombwa. Akasema kuna watu wanataka tuige kwingine, tusikubali. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, na nilimaanisha. Mtu si kamba ya kitanda, kwamba ikichakaa unaikata. Aliye tumboni hajatuomba nafasi na aliyelala hajatunyang'anya yake, wote wamewekwa kwetu na Mwenyezi Mungu.

Rozalia hakuja. Angemwacha na nani? Lakini alinituma swali, nami nikasimama, nikasema naitwa Hamdani, sikusoma sana, nimetumwa na mwanamke wa hapa Gungu ambaye aliombwa na akakataa, na anaendelea kukataa. Sheria imemwambia asiue, naye hajaua. Anauliza kesho alfajiri akienda kuanika dagaa, kati yetu tuliopiga makofi humu, nani atakuja kumgeuza Feliksi?

Mwanasheria akasema swali zuri sana, akaandika kitu. Kisha zikaletwa soda.