Mdomo wa Samaki Ndani ya Moyo

Mke wa mwanangu alipanda mahindi kabla yangu. Kwetu mama mkwe ndiye hutangulia kutia mbegu. Ukimruka, chira, laana ya kuvunja mwiko, inakupata, unavimba au unakonda mpaka ufe. Yeye akavimba miguu, akakosa pumzi. Nikasema ni chira. Nilisema mbele ya watu wala sikuona haya.

Tulimtoa kwetu Suna akiwa hajiwezi, tukamfikisha hospitali moja upande wa Homa Bay. Miaka hiyo ya tisini walikuwa na mashine moja tu ya kupumulia. Wakamtia mpira kooni, mashine ikampumulia wiki nzima. Walitibu mapafu, nafuu hakuna. Shemeji zake wakaja na pikapu: mashine itolewe, akanyweshwe dawa ya chira nyumbani, na kama ni kufa afie kwake. Mwanangu akaniangalia mimi. Neno lilikuwa langu.

Kabla sijasema, akaingia daktari mgeni, binti wa Kijaluo, akisukuma mashine yenye kioo kama televisheni. Nikamwambia amechelewa.

"Dana," akaniita kama bibi yake, "nipe dakika kumi, halafu unifukuze."

Akampaka mafuta mazito chini ya titi la kushoto, akabonyeza kidude hapo. Aki ya nani, nikaona moyo wa mtu ukicheza! Nilisogea mpaka nikamzibia daktari. Katikati kitu kilitaka kufunguka, kikakwama, kikajaribu tena.

"Hicho kinafanana na mdomo wa samaki ngege aliyetolewa majini," nikasema.

Akacheka, akasema hata madaktari hukiita mdomo wa samaki. Ni mlango wa moyo. Aliumwa koo na viungo utotoni, mlango ukapata makovu, sasa damu haipiti vizuri na maji yanajaa mapafuni.

"Na mahindi?"

"Mahindi hayafiki huku, dana."

Nikatoka mbio na magoti yangu haya, nikawaambia wale wa pikapu warudi bila mgonjwa. Wakaniuliza nimekuwa daktari lini. Nikawajibu, leo asubuhi.

Dawa zikabadilishwa: ya kutoa maji, ya kutuliza mbio za moyo. Siku ya nne wakachomoa mpira. Nilibana pumzi yangu mpaka yeye akakohoa, akavuta yake mwenyewe. Mlango ungefunguliwa baadaye Nairobi, lakini alikuwa anapumua. Akafungua macho, akaniona, akaogopa.

Nikamwambia, "Nilikosea."

Mwanangu alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akakaa chini.